Koili Niliyoisuka Mwenyewe

Redio niliyoiunda haikusikia kituo hata kimoja, na kosa lilikuwa langu. Lilikuwa kwenye koili niliyoisuka kwa mikono yangu mwenyewe. Sikuipima sawasawa. Nilimlaumu kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwangu, nikamlaumu mbele ya wateja, kisha nikang'oa kifaa alichokilehemu yeye, kifaa kizima kisicho na ila, na katika kuking'oa nikaichana bodi. Nayaandika haya kwa yeyote anayeunda redio zake nyumbani, na hasa kwa fundi mwenye miaka mingi kazini. Anayeanza hupima kila kitu kwa sababu ana hofu. Sisi tuliozoea ndio tunaoruka hatua.

Mimi ni fundi wa redio na feni mjini Mombasa. Feni ndizo zinazonilisha: joto la Pwani haliziachi zipumzike, na zikiungua huletwa kwangu nizisuke upya. Lakini mapenzi yangu yako kwenye redio ya ridhaa. Mwenye leseni ya redio hii hupewa alama ya wito, za Kenya zikianza na 5Z4, za Tanzania na 5H, za Uganda na 5X, naye huruhusiwa kuwasiliana na wenzake duniani kwenye masafa yaliyotengwa, mradi asifanye biashara. Wapo wanaonunua mtambo ulio tayari. Wapo wanaonunua bodi tupu na pakiti za vipuri, wakaketi wakalehemu wenyewe. Mimi ni wa hao wa pili. Bei ni moja ya sababu, ila si kubwa. Redio uliyoiunda mwenyewe unaijua mpaka ndani, na ikiharibika unajua pa kuanzia. Ndivyo nilivyoamini.

Niliyoagiza inaitwa QCX. Aliyeibuni ni Hans Summers, mwenye alama ya wito G0UPL, na mwanzo kabisa iliandaliwa kwa ajili ya kambi ya vijana wa redio huko Uingereza mwaka 2017. Ni redio ya Morse tu. Husikii mtu akizungumza, unasikia nukta na mistari. Hufanya kazi kwenye bendi moja unayoichagua wakati wa kuagiza, nami nilichagua ya mita 20, yaani kuanzia megahezi 14.000 hadi 14.350. Hurusha kwa wati chache tu, tano hivi, kwa umeme wa betri. Ni nguvu ndogo, lakini kwa Morse, anga likikubali, hufika bara jingine. Jambo hili halijaacha kunishangaza tangu nilipolijua, na ndilo nililotaka yule kijana alione kwa macho yake.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne, mtulivu, mwenye mkono mwepesi. Nikampa kazi ya rezista, kapasita, transista na chipu za miguu minane. Kila alipomaliza safu moja alinikabidhi bodi, nami nikaziangalia lehemu zake kwa kioo cha kukuzia. Zilikuwa nzuri: solda imepanda vizuri kwenye mguu wa kifaa, inang'aa, haijazidi, haijapungua. Nilimwambia hivyo. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye nililisahau, au tuseme ukweli, nililiweka kando liliponitatiza.

Koili nilijiwekea mimi.

Katika QCX kuna koili moja ambayo mwongozo umeipa kurasa na picha kadhaa peke yake. Inaitwa T1. Inasukwa juu ya pete nyekundu ya unga wa chuma, aina ya T50-2, yenye upana wa nusu inchi, na ina misuko minne: mitatu mifupi na mmoja mrefu. Yote sharti izunguke upande mmoja. Misuko minne ina ncha nane, na kila ncha ina tundu lake kwenye bodi. Msuko mfupi wa kwanza hupokea mawimbi kutoka kwenye antena. Ule mrefu, ukisaidiana na kapasita ndogo ya kurekebisha, huchuja bendi unayoitaka na kuyazuia masafa mengine. Ile miwili iliyobaki huyapeleka mawimbi, kila mmoja kinyume cha mwenzake, kwenye chipu iitwayo FST3253. Chipu hiyo ni swichi ya kasi. Hugeuza njia nne kwa kila mzunguko mmoja wa wimbi, na wimbi la megahezi 14 huzunguka mara milioni 14 kwa sekunde. Mpango huo wa kupokea umepewa jina la Mmarekani Dan Tayloe, N7VE. Ni mpango mzuri sana, wenye vifaa vichache, lakini kila kinachosikika lazima kipite kwenye ile pete kwanza. Njia ikikatika kwenye pete, hakuna redio.

Kijana aliniomba asuke yeye. Nikamkatalia. Nilimwambia, "Hii niachie, mwanangu. Mimi nimesuka feni kabla hujazaliwa." Nilikuwa nasema kweli, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Waya wa kusukia, wa feni au wa redio, hufunikwa na vanishi nyembamba ili mizunguko isigusane. Unapotaka kuulehemu, vanishi hiyo lazima itoke. Waya wa mota una vanishi ngumu isiyojali joto la chuma cha kulehemu, kwa hiyo sisi huikwangua kwa wembe au msasa mpaka shaba ing'ae. Vanishi ya waya unaokuja na redio hizi ni ya aina nyingine. Huungua kwa joto. Unaweka tone la solda kwenye ncha ya chuma, unalishikilia juu ya waya kwa sekunde kadhaa, moshi kidogo unatoka, na solda inaushika waya pande zote. Mwongozo unaeleza hivyo. Niliusoma, kisha nikafanya kama ninavyofanya kwa feni. Nilichukua wembe.

Tena nilifanya haraka. Waya wenyewe ni mwembamba, haufiki nusu milimita, nikaogopa kuukata, basi nikakwangua ncha tu, kipande kifupi. Kisha nikapitisha ncha zote nane kwenye matundu yake na kuzivuta kutoka chini ili koili ikae vizuri, isichezecheze. Nilipozivuta, sehemu niliyoikwangua ilipita tunduni ikatokea upande wa pili wa bodi. Kilichobaki ndani ya tundu kilikuwa waya wenye vanishi yake kamili. Nikalehemu kwa mguso mfupi, nikihofia kuiunguza bodi. Kisha nikachukua mkasi wa waya nikakata vilivyozidi. Yaani shaba tupu niliyoisafisha niliikata nikaitupa, na kwenye bodi nikaacha vanishi imezungukwa na solda. Kwa macho ilikuwa lehemu safi kabisa. Si kila ncha ilikuwa hivyo. Msuko mrefu ulishika, na mmoja mfupi ulishika kidogo. Ila misuko miwili inayoilisha ile swichi haikushika hata kidogo.

Tulipowasha, kioo chake kidogo kiliwaka, kikaonyesha namba ya masafa, na kwenye hedifoni tukasikia mvumo mwembamba. Kijana alitabasamu. Mimi pia. Nje nilikuwa nimetundika antena ya nyaya mbili za mita tano tano, upande mmoja kwenye mnazi na mwingine kwenye nguzo ya bati. Tukaiunganisha. Mvumo haukubadilika.

Hapo tayari nilikuwa nimepewa jibu. Redio inayosikia hubadilika ukiichomekea antena: mvumo hukua, kwa sababu anga lenyewe lina kelele zake, za radi za mbali, za mitambo, za mji. Mvumo usiobadilika ni kelele ya chipu za redio yenyewe. Maana yake ni kwamba mlango wa mbele umefungwa. Nimewafundisha watu jambo hili. Siku ile nilisema, "Anga leo limelala."

Nikaenda kwenye megahezi 14.100. Masafa haya yana vituo 18 vya alama vilivyowekwa sehemu mbalimbali duniani, chini ya mradi wa Northern California DX Foundation na umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa. Kila kituo kina sekunde 10 zake. Hutaja alama yake kwa Morse, kisha hupiga mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, wa mwisho kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Dakika tatu zikitimia, mzunguko umekwisha na unaanza upya. Hupangwa kwa zamu isiyobadilika: Sri Lanka, kisha Afrika Kusini, kisha Kenya, kisha Israeli, kisha Finland, na kuendelea. Cha Kenya ni 5Z4B cha eneo la Nairobi, lakini hicho sikukitarajia. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 440 kwa mstari ulionyooka, ambazo ni nyingi kwa wimbi linalotambaa ardhini na chache kwa wimbi linalorudi kutoka angani. Kwa bendi hii aliye Colombo humsikia aliye Mombasa kwa urahisi zaidi kuliko aliye Nairobi. Basi nilikuwa naisubiri Sri Lanka na Afrika Kusini. Asubuhi, mchana, jioni baada ya alasiri, hakuna aliyesikika. Siku nyingi. Anga halilali hivyo.

Nikaanza kutafuta kosa, na mwanzo nilitafuta vizuri. Niliisogeza redio ndogo ya masafa mafupi karibu na bodi, nikaiweka kwenye masafa yaleyale, na kelele zake zikatulia ghafla, ishara kwamba QCX inazalisha wimbi lake la ndani ipasavyo. Kwa hiyo kiini cha masafa kilikuwa kizima. Nikagusa mguu wa kati wa kidhibiti cha sauti kwa ncha ya bisibisi, na kwenye hedifoni ukaja mlio mzito wa umeme. Kwa hiyo upande wa sauti ulikuwa mzima. Kilichobaki ni kipande kifupi katikati: pete, swichi, na chipu ya kwanza ya kukuza sauti. QCX ina hata kipimo chake cha ndani. Ukiingia kwenye menyu ya marekebisho, redio hujitumia wimbi la majaribio, nawe unageuza ile kapasita ndogo mpaka mistari kwenye kioo ipande juu kabisa. Yangu haikupanda. Niligeuza mzunguko mzima, nikarudia, mistari ikabaki chini.

Yeyote aliyesoma mwongozo angeiendea pete. Kijana aliiendea. Alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniuliza kwa heshima zake zote, "Fundi, tupime na nyaya za pete?"

Nikamjibu, "Pete nimeisuka mimi."

Nilipima lakini, nisiseme sikupima. Nilipima ili nimnyamazishe. Nilichukua mita, nikaiweka kwenye mlio, nikagusa waya juu ya bodi, pale unapotoka kwenye pete, na kwa upande wa pili vilevile. Ncha za mita yangu ni kali. Nilipokandamiza zilitoboa vanishi na kufika kwenye shaba, mita ikalia. "Umesikia?" nikamwambia. Akanyamaza. Nilichokipima ni waya kwa waya. Waya haukuwa umekatika na hakuna aliyedai umekatika. Swali lilikuwa kama waya umeungana na bodi, na hilo sikulipima.

Siku hiyo palikuwa na wateja dukani, mmoja na feni yake, wengine wanangoja simu zijae chaji. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naona aibu, kwa sababu baadhi yao nilishawaalika waje wasikie Afrika Kusini kwa masikio yao. Nikaigeuza bodi, nikamwonyesha kijana ile chipu ya kwanza ya miguu minane, na nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba ameikaanga kwa joto, kwamba hajui kulehemu, na kwamba vitu vya gharama havitaki mikono ya kujifunzia. Hakujibu. Alichukua kitambaa akaendelea kufuta meza.

Kisha nikaing'oa chipu ile. Bodi ya QCX ina matundu yaliyopakwa shaba ndani, na njia zake ni nyembamba. Kifaa cha miguu minane hakitoki kwa nguvu. Unakata miguu kwanza, kisha unatoa mmoja mmoja. Nilijua hivyo pia. Nilikuwa na hasira, nikapasha joto upande mmoja na kunyanyua kwa bisibisi. Chipu ilitoka na vipande viwili vya shaba ya bodi vikiwa vimening'inia miguuni mwake. Nikaagiza nyingine kutoka Luthuli, Nairobi, ikaletwa kwa basi. Nikaiweka, nikaunganisha njia zilizochanika kwa nyaya nyembamba. Redio ikavuma mvumo uleule. Kijana alikuja mpaka mwisho wa wiki, kisha hakuja tena. Sikumtafuta. Nilijiambia vijana wa siku hizi hawana subira, na nikaiweka bodi kwenye kabati.

Siku niliyogundua sikuwa natafuta kosa. Nilikuwa nimeshaikatia tamaa bodi ile, nikataka angalau kuiokoa pete nyekundu niitumie kwa kazi nyingine. Nikaifunga bodi kwenye jiliwa dogo, nikachomeka chuma cha kulehemu, na wakati nangoja kipate moto nikaishika koili kwa koleo na kuivuta kidogo, kuona imekaza kiasi gani.

Waya mmoja ukaja.

Solda ilikuwa baridi. Chuma kilikuwa mezani, hakijagusa kitu. Waya uliteleza ukatoka tunduni kama uzi unavyotoka kwenye tundu la sindano. Nilidhani umekatika, nikaupeleka kwenye mwanga. Haukukatika. Ulikuwa na rangi yake ya vanishi, kahawia nyekundu yenye kung'aa, kuanzia kwenye pete hadi ncha ya mwisho. Shaba tupu ilikuwa kwenye uso wa mkato peke yake, nukta ndogo kama ile inayobaki baada ya mkasi. Nikaigeuza bodi. Tone la solda lilikuwa bado mahali pake, limekaa vizuri, linang'aa, na katikati yake palikuwa na kitundu cha mviringo kinachotoshana na waya. Nilikishika kile kioo cha kukuzia nilichokuwa nazikagulia lehemu za kijana, nikakitazama kitundu kile kwa muda mrefu. Nikalikumbuka swali lake, neno kwa neno. Nikalikumbuka na jibu langu.

Nikachukua mita. Safari hii sikugusa waya. Niliweka ncha moja kwenye solda chini ya bodi, na ya pili kwenye solda ya mwisho wa msuko uleule. Kimya. Msuko mwingine wa swichi, kimya. Msuko wa antena ulilia, ukikatikakatika nilipoitikisa pete. Msuko mrefu peke yake ulilia bila shaka. Kipimo kile hakimalizi dakika.

Nikatoa koili yote. Nikasuka nyingine kwa waya uliobaki kwenye pakiti, mizunguko yote upande mmoja, na kila ncha nikaiunguza kwa tone la solda mpaka moshi ukatoka na waya ukawa wa rangi ya fedha pande zote, sehemu ndefu ya kutosha kuzidi unene wa bodi. Nikapima kila msuko, tundu kwa tundu. Nilipochomeka antena, mvumo ulikua mara moja. Kwenye menyu ya marekebisho mistari ilipanda hadi juu nilipoigusa tu ile kapasita. Nikaenda 14.100 na kungoja zamu. Colombo ilikuja kwanza, 4S7B, kisha mistari yake mirefu, wa wati 100 wazi kabisa, wa 10 wazi, wa 1 kwa mbali. Baada yake Pretoria, ZS6DN. Sekunde 10 za 5Z4B zikapita kimya kama nilivyotarajia. Nilikuwa peke yangu dukani.

Gharama yake ni hii. Chipu nzima ilitupwa na nyingine ikanunuliwa. Bodi ina nyaya za kuunga mahali palipotakiwa kuwa na njia safi, na kwenye sauti kuna mlio mdogo wa umeme ambao sijaweza kuuondoa. Msimu mzuri wa bendi ya mita 20 ulipita redio ikiwa kabatini. Na nilimpoteza msaidizi hodari kuliko wote niliowahi kuwa nao. Sasa yuko kwenye duka la kutengeneza simu, na nimesikia wanamtegemea.

Msomaji, kama una redio ya aina hii na haisikii, nikueleze utaratibu ninaoufuata sasa. Chomeka na uchomoe antena huku unasikiliza. Mvumo usipobadilika, usiulaumu mji wala anga, kosa liko mbele, kati ya antena na chipu ya kwanza. Kila waya uliosukwa upimwe kutoka chini ya bodi, solda kwa solda, kamwe si juu ya waya. Fanya hivyo kabla ya kuwasha umeme mara ya kwanza, kwa sababu hapo hakuna hasira wala mtu wa kulaumiwa. Kama unaweza, mpe mita mtu ambaye hakuisuka ile koili. Na usiondoe kifaa chochote kwenye bodi mpaka kipimo kikuambie kimekufa. Mimi niliiondoa chipu kwa kukisia, na kukisia kwenyewe kulitokana na jina la aliyeilehemu.

Nilikwenda nyumbani kwao kijana yule. Aliniamkia, "Shikamoo, Fundi," kama zamani, akaniletea kiti uani. Mamake alikuwapo, nikaomba abaki asikie. Nilimwambia kwamba chipu haikuungua, kwamba pete ndiyo haikushika, na kwamba ni lehemu zangu. Nikamtolea ule waya na kumpa. Aliugeuza kwenye mwanga, akaona vanishi imefika hadi ncha, akaelewa bila maelezo zaidi. Akasema, "Nilikuuliza." Nikamwambia, "Uliniuliza, nami nilikujibu vibaya. Nisamehe." Akasema yamekwisha. Mamake akasema maneno yale yalimfikia hata yeye sokoni, kwamba mwanawe ameharibu mali ya watu. Hilo sikulijua. Nilimwomba kijana arudi, akanishukuru, akasema alipo sasa pamemfaa. Sikumshurutisha. Nilimwachia redio, ni yake, nami nimeagiza nyingine. Anasomea mtihani wa leseni.

Walionisikia siku ile dukani nikisema kijana yule hajui kulehemu, na waliosikia kwa waliosikia, nawaomba walifute neno hilo popote walipolipeleka. Lehemu zake nimezipima zote. Hakuna hata moja yenye kosa.